Kuzunguka viwanda vyote vya bia vya Vermont: maswali ninayoulizwa kila mara

Nilizaliwa Marangu, nyumba ya tatu kutoka kwa mama aliyekuwa akipika mbege. Sasa naishi Burlington, Vermont. Kwa miaka mitatu nimezunguka jimbo hili zima nikiingia kila kiwanda cha bia kilichofungua mlango kwa mgeni. Kila nikisimulia, maswali ni yale yale, kuanzia kwa ndugu wa nyumbani mpaka kwa wenzangu wa kazini, Wakongo. Nimeyakusanya hapa.

## Ya mwanzo

Kwa nini Vermont, siyo jimbo kubwa zaidi?

Kwa sababu linazungukika. Vermont liko kaskazini-mashariki mwa Marekani, limepakana na Kanada, na lina wakazi kama 645,000 tu. Kinondoni peke yake ina watu zaidi. Kutoka mpaka wa Kanada hadi mpaka wa Massachusetts ni kama kilomita 255, gari linamaliza kwa saa tatu hivi. Kaunti ni 14. Ukisema utafanya hivi California, utazeeka njiani.

Sababu ya pili ni wingi. Kwa miaka mingi Vermont limekuwa juu kabisa, au karibu na juu, ukihesabu viwanda vya bia kwa kila mkazi nchini Marekani. Unaingia kijiji chenye kanisa moja, duka moja na posta, na nyuma ya duka kuna mtu na mapipa yake ya chuma.

Viwanda viko vingapi hasa?

Sitini na kitu hadi sabini na kitu, kutegemea unavyohesabu na umehesabu mwezi gani. Kimoja hufungwa, kingine huzaliwa. Ndiyo maana sikuandikii orodha hapa: ungeifuata mwakani ukakuta mlango una kufuli. Kinachofaa zaidi ni kuweka kanuni zako za kuhesabu kabla ya safari ya kwanza (angalia «Kiwanda gani kinahesabika?»).

Hizi bia zina tofauti gani na laga ya chupa tuliyozoea?

Laga ya nyumbani ni nyepesi, ya dhahabu, imechujwa mpaka unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Wapika bia wadogo wa hapa hupika karibu kila aina: stauti nyeusi kama kahawa, bia chachu, laga za Kijerumani, na zaidi ya yote ile IPA yenye ukungu, bia ya hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu.

Kwa mtu aliyekulia penye mbege, ile ya ukungu haishangazi. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Hapa ndizi hakuna, kimea ni cha shayiri, na kazi ya msesewe inafanywa na ua la hopsi. Hamira inabaki humo humo kwa sababu bia haijachujwa. Siku ya kwanza nilipopewa glasi ile, wenzangu walikuwa wanaelezwa kwamba haijaharibika. Mimi nilitafuta kata.

Ukungu huo unatoka wapi?

Mpikaji anaongeza ngano au shayiri-pori ya uji, yaani otsi, ambazo zina protini nyingi. Halafu anatia hopsi nyingi mwishoni, bia ikiwa imeshapoa, badala ya kuzichemsha muda mrefu mwanzoni. Hopsi zikichemshwa sana zinatoa uchungu. Zikiingia baadaye zinatoa harufu ya embe, chungwa na pasheni. Kemikali za hopsi ziitwazo polifenoli zinashikana na protini, na bia inabaki kama juisi. Asiyependa bia chungu namwanzishia hapo.

Nani alianzisha haya yote?

Historia ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwanza kulikuwa na ukame. Vermont lilipiga marufuku pombe jimbo zima tangu miaka ya 1850 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, kisha marufuku ya Marekani yote ikafuata mwaka 1920 hadi 1933. Kwa vizazi kadhaa hapakuwa na kiwanda. Kilichofungua njia ni Catamount, pale White River Junction, miaka ya 1980.

Mtu ninayemheshimu zaidi katika habari hii ni Greg Noonan. Wakati huo sheria haikuruhusu mtu kupika bia na kuiuza kwenye baa yake hapo hapo. Noonan alihangaika na wabunge wa jimbo miaka kadhaa mpaka sheria ikabadilishwa, na mwaka 1988 akafungua Vermont Pub & Brewery katikati ya Burlington. Alifariki mwaka 2009. Mmoja wa vijana waliofanya kazi kwake, John Kimmich, alikwenda Waterbury na mkewe Jen, wakafungua The Alchemist mwaka 2003. Ndiko ilikozaliwa Heady Topper, bia iliyofanya watu waendeshe gari kutoka majimbo mengine kwa ajili ya kopo. Hamira yao ilitoka kwa Noonan. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi kwa heshima, anzia kwa mzee.

## Kuhesabu

Kiwanda gani kinahesabika?

Kanuni zangu ni tatu. Bia ipikwe ndani ya Vermont. Mgeni awe anaruhusiwa kuingia na kuinywa pale. Na niwe nimekaa, siyo kuchukua kopo mlangoni na kuondoka.

Wewe weka zako. Nimekutana na mzee mmoja anayehesabu kiwanda pale tu anapozungumza na aliyepika. Kwake safari imechukua miaka tisa, na sioni kwamba amekosea. Ubaya ni kubadilisha kanuni katikati kwa sababu umechoka na bado vimebaki saba vya kusini. Hapo hesabu yako haina maana hata kwako mwenyewe.

Kiwanda chenye matawi mawili au matatu ni kimoja au vitatu?

Kimoja. Zero Gravity, kwa mfano, ilianzia ndani ya mkahawa wa piza Burlington mwaka 2004, baadaye ikajenga kiwanda kikubwa Pine Street. Nilikwenda kote kuwili, nikaandika mara moja. Anayehesabu mapipa anaweza kuandika mbili.

Kuna kitabu cha kugongewa mihuri?

Chama chao, Vermont Brewers Association, kimekuwa na mpango wa pasipoti ya bia: unatembelea, unapata alama, na zikifika idadi fulani unapewa zawadi. Unahusu wanachama, kwa hiyo vipo viwanda ambavyo havimo. Mimi nilitumia daftari la shule la kurasa 96. Tarehe, nilikunywa nini, nani alinihudumia, hali ya barabara. Ukurasa wa hali ya barabara ndio umenisaidia zaidi kuliko yote.

Mimi sinywi pombe. Safari hii inanihusu?

Inakuhusu, na nakuomba uje, kwa sababu utakuwa dereva anayependwa kuliko wote. Lakini siyo hivyo tu. Rafiki yangu mmoja ni Mwislamu kutoka Tanga. Hajawahi kuonja tone, na amefika na mimi viwanda kumi na vinne. Yeye anafuata mashine, majengo na vyakula. Anauliza maswali ya mabomba na joto ambayo mimi sikuwa nayawaza, na wapikaji wanamtoa kaunta wanampeleka nyuma. Viwanda vingi vina soda za kienyeji, maji ya gesi au kahawa. Anaagiza bila aibu, na sijaona mtu akimshangaa.

## Njia, majira na gari

Nigawe vipi jimbo?

Kwa mafungu. Burlington na vitongoji vyake ni fungu la kwanza, na vingi vinafikika kwa miguu au baiskeli. Fungu la pili ni Waterbury na Stowe, kama kilomita 43 kutoka Burlington ukifika Waterbury, kisha unapanda Route 100. Ukishuka Route 100 kusini unafika Waitsfield. La tatu ni pembe ya kaskazini-mashariki, wanayoiita Northeast Kingdom: kaunti za Essex, Orleans na Caledonia. La nne ni bonde la mto Connecticut, na la tano ni kusini kabisa, Bennington na Brattleboro.

Usimalize lililo karibu kwanza. Nilifanya hivyo, na nusu ya pili ya safari ikawa kila kiwanda kimoja ni siku nzima. Changanya: kimoja cha mbali, kisha vitatu vya karibu.

Viwanda vipi nisikose hata nikipata siku tatu tu?

Hapa nitasema wazi ninavyopenda.

Hill Farmstead, Greensboro. Shaun Hill alikifungua mwaka 2010 kwenye ardhi ya ukoo wake, na bia kadhaa amezipa majina ya wazee wake. Edward ni babu yake. Unaacha lami, unapita mashamba ya ng'ombe, unadhani umepotea, kisha unaona magari yenye namba za majimbo sita. Mtandao wa RateBeer ulikitaja mara kadhaa kuwa kiwanda bora duniani. Mimi nilikunywa Edward nimesimama nje, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye kilima, na nikafikiria mababu zangu ambao pombe humwagwa chini kwa ajili yao. Kumpa babu jina kwenye pipa ni jambo ninalolielewa bila kuelezwa.

The Alchemist, Stowe. Tarehe 28 Agosti 2011 mafuriko ya dhoruba Irene yaliharibu baa yao ya Waterbury. Kiwanda chao kidogo cha kujaza makopo, ng'ambo ya mji, kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza, na siku chache baadaye kopo za Heady Topper zikaanza kuuzwa. Watu walifurika hadi mwaka 2013 wakalazimika kufunga duka la pale kwa sababu ya foleni za magari. Jengo la Stowe lilifunguliwa 2016.

Von Trapp, Stowe pia. Hii ni familia ya waimbaji waliotoka Austria mwaka 1938. Mtoto wao Johannes alitaka laga kama za kwao, wakaanza kupika mwaka 2010. Kama bado unaikumbuka laga ya nyumbani kwa upendo, hapa utatulia.

Niende majira gani?

Juni hadi Septemba ni rahisi. Mwisho wa Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba majani yanageuka mekundu na ya dhahabu. Ni pazuri sana, ila vyumba vya kulala ni ghali na meza zimejaa.

Epuka mwisho wa Machi na Aprili. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont hazina lami. Theluji ikiyeyuka juu huku chini bado kumeganda, maji hayana pa kwenda, na barabara inakuwa uji. Wenyeji wanayahesabu kama majira kamili, majira ya tope. Nimekulia masika ya Kilimanjaro nikadhani najua tope. Nilikwama saa mbili, nikavutwa na mkulima mwenye trekta aliyekataa pesa na kukubali makopo mawili. Wakati wa baridi panapitika, ukiwa na matairi ya theluji.

Bila gari inawezekana?

Kwa sehemu, ndiyo. Treni ya Vermonter inapita Brattleboro, Windsor, White River Junction, Montpelier, Waterbury na Essex Junction, mara moja kwa siku kila upande. Tangu Julai 2022 treni ya Ethan Allen Express inafika Burlington ikitokea New York, kupitia Rutland, Middlebury na Vergennes. Miji yote hiyo ina bia au iko karibu na bia. Northeast Kingdom na visiwa vya ziwa Champlain utahitaji mtu wa kukupeleka.

Nikinywa nitaendeshaje?

Huendeshi. Naomba jibu hili lisomwe mara mbili.

Kiwango cha kisheria ni asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu, na watu hukosea kwa sababu wanahesabu glasi badala ya pombe. Kopo moja la Heady Topper ni mililita 473 lenye asilimia 8. Ukipiga hesabu, ndani yake mna kama gramu 30 za pombe, zaidi kidogo ya chupa mbili za kawaida za Marekani. Ubao wa vionjo vinne vya mililita 120, kwa asilimia 6, ni kama chupa moja na nusu. Viwanda vitatu kwa siku kwa mtindo huo, na umeshapita mbali. Pia sheria hairuhusu kopo lililofunguliwa mahali wanapokaa dereva na abiria, kwa hiyo usimfungulie hata anayekaa nyuma.

Utaratibu wetu: dereva wa siku hanywi kabisa, na katika kila kiwanda tunamnunulia makopo ya kwenda nayo nyumbani. Tunabadilishana zamu. Kwa safari za mbali tunalala huko huko.

## Mezani

Nikifika nafanyaje?

Kitambulisho mkononi, hata kama una mvi. Umri ni miaka 21. Kama huna leseni ya Marekani, beba pasipoti yenyewe, siyo nakala. Kisha omba vionjo na usome ubao kwa utulivu. Glasi kubwa nimelipia kati ya dola 7 na 9 sehemu nyingi. Bakshishi ni dola moja kwa glasi au asilimia 20 ya bili. Hapa siyo hisani, ni sehemu ya mshahara wa mhudumu.

Ukimpata mpikaji, muulize «umepika nini wewe mwenyewe unachokipenda?» Kila nilipouliza hivyo nilipata glasi nzuri kuliko niliyokuwa nimeichagua.

Mtu mweusi anapokelewaje huko vijijini?

Naulizwa hili kwa sauti ya chini, nalijibu kwa sauti ya kawaida. Vermont ni kati ya majimbo yenye Wazungu wengi zaidi kwa uwiano. Mara nyingi nilikuwa mweusi peke yangu ukumbini, na kuna siku niliiona ile kimya ya sekunde mbili ninapofungua mlango. Mahali pamoja mhudumu aliwahudumia watu watatu waliofika baada yangu. Niliondoka, na kwenye daftari sikukiandika. Nilirudi mwaka uliofuata nikakuta mhudumu mwingine, tukazungumza saa nzima, nikakiandika.

Sehemu nyingine zote, na ninamaanisha zote, nilipokelewa kama mtu aliyesafiri kuja kuonja kazi ya mikono yao.

Nitapata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili?

Burlington na Winooski, ndiyo. Kuna familia nyingi za Kongo, na Wasomali Wabantu waliopitia kambi za Kenya. Cha Kongo kitakuchekesha mwanzoni, wewe nawe utawachekesha. Kwenye baa zenyewe ni nadra.

## Visa vya pembeni

Kiwanda kilichofungwa kabla sijafika?

Hakipo kwenye hesabu, hata kikuume. Magic Hat ilizaliwa Burlington mwaka 1994 na ilikuwa fahari ya mji, lakini mwaka 2020 upikaji ulihamia Rochester, New York. Walioinywa hapa wanayo kumbukumbu; wewe huwezi kuipata kwa kununua chupa.

Piga simu kabla ya kutoka. Niliwahi kwenda saa mbili na nusu kwa sababu ukurasa wa kiwanda ulisema kiko wazi, nikakuta kibao cha «tumefunga kwa msimu».

Bia ya Vermont inayopikwa jimbo lingine?

Inategemea unahesabu bia au kiwanda. Lawson's Finest Liquids ni ya Vermont na ukumbi wao wa Waitsfield ulifunguliwa 2018, ila Sip of Sunshine, bia yao maarufu kuliko zote, imekuwa ikipikwa kwa sehemu kubwa Stratford, Connecticut. Kwa kanuni yangu ya kwanza, pale Waitsfield niliagiza bia iliyopikwa pale pale. Sip of Sunshine nilikunywa pia. Sikuiandika.

Kiwanda kilichonunuliwa na kampuni ya nje?

Nakihesabu. Long Trail ya Bridgewater Corners, iliyoanza mwaka 1989, ilinunuliwa mwaka 2022 na kampuni mama ya Harpoon ya Boston. Wapo wanaoifuta. Mimi nafuata mahali bia inapochemka, siyo mahali faida inapolala, ingawa nakiri napenda zaidi ikilala kijijini.

Kiwanda kikiwa kwenye mto, upande wa pili ni New Hampshire?

Mto Connecticut wenyewe ni wa New Hampshire. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua miaka ya 1930 kwamba mpaka ni ukingo wa magharibi, maji yanapokuwa chini. Kwa hiyo ukivuka daraja umetoka, na ukikaa kwenye baraza lililotokeza juu ya maji, inawezekana kiti chako kiko jimbo jingine. Mimi nakaa upande wa nchi kavu.

Pombe ya tufaha je?

Ina daftari lake. Vermont lina nyingi na nzuri, ila haichemshwi wala haina kimea.

Naweza kubeba makopo mpaka nyumbani?

Kwenye begi la kukabidhi, ndiyo: sheria za anga za Marekani haziweki kikomo kwa kinywaji chini ya asilimia 24. Ushuru wa unakoshuka ni shauri lingine, uliza kabla. Tatizo kubwa ni joto. IPA ya ukungu haijapashwa moto kuuliwa vijidudu, na harufu yake hufa haraka nje ya friji. Kwa mama mkwe Moshi nilipeleka stauti. Ilifika salama. Alisema ni tamu kama dawa ya kikohozi, akamaliza.

Umeshamaliza?

Nilimaliza Novemba, kisha Februari kikafunguliwa kingine. Jumamosi ijayo dereva ni mimi.